Sweta ya Safari

Fundi cherehani hakupanda basi la uwanja wa ndege ili kusikiliza mambo ya watu, lakini angeziba masikio kwa nini? Kwenye kiti cha mbele yake mzee mmoja alikuwa amepakata kizimba cha plastiki, ndani yake paka wa marehemu mkewe, anayepelekwa ng'ambo kwa binti yao.

"Karatasi zote unazo, baba?" akauliza mama aliyekaa naye, ambaye alishatangaza mara mbili kwamba yeye amewahi kusafirisha mbwa.

"Zote. Chanjo, cheti cha daktari, mihuri. Na wiki tatu nzima nimemlisha humu humu kizimbani, apazoee."

"Na nguo yenye harufu ya nyumbani?"

"Nimemwekea sweta ya marehemu. Jana nimeifua kwa mkono, nikaipiga pasi vizuri."

Mama akafungua mdomo, akaufunga. Fundi alimwomba Mungu kimoyomoyo mama yule anyamaze, lakini mtu aliyewahi kusafirisha mbwa hanyamazi.

"Jamani, baba, si ungeiacha vilevile? Harufu yake ndiyo ingemtuliza."

"Mwenyewe hakupenda uchafu, mwanangu. Ningempelekea binti yake nguo chafu?"

"Paka anajua nini habari za uchafu?"

Mzee alipenyeza vidole kwenye wavu wa kizimba, akavuta mkono wa sweta, akaunusa. Akaunusa tena, safari hii kwa muda mrefu. Basi likasimama, mlango ukafunguka, watu wakaanza kuteremka, naye bado alikuwa ameinama pale pale, akitafuta.