Kisiki, Aliyesimama Chini ya Mlingoti

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu wa fundi wa breki. Jina lake la kwenye cheti wengi wenu mmelisikia leo kwa mara ya kwanza. Mtaani alikuwa Kisiki, na hata daktari alimwita hivyo.

Alisoma shule ya msingi iliyo ng'ambo ya reli mpaka mwaka 1965, baba yake alipofariki. Kichwa cha hesabu alikuwa nacho, ila nyumbani kulihitajika mabega. Mwaka uliofuata akawa kuli kwenye ghala la unga, na huko alibaki hadi alipostaafu mwaka 2009.

Ghalani ndiko alikoujua mlingoti. Kila Desemba makuli walishindana na wachinjaji kupanda mlingoti uliopakwa mafuta ya ng'ombe, juu yake kumefungwa kitambaa chekundu. Hakuna aliyeupanda peke yake. Watu walisimama mabegani mwa wenzao, mmoja juu ya mwingine, mpaka wa juu kabisa akifikie kitambaa. Marehemu alikuwa wa chini, na wa chini ana sharti moja: macho miguuni. Akiinua uso mabega yanahama, na wote wanaporomoka. Miaka yote hiyo aliwainua watoto wa watu wakashinda, yeye akiona vidole vyake tu.

Mlingoti huohuo ulimpa mke. Jioni moja ya mwaka 1973 alibisha hodi nyumba iliyo jirani na uwanja wa mashindano, akiomba maji ya moto. Mama mwenye nyumba akamkaribisha kiti. "Nitakichafua, mama," akasema, akabaki mlangoni akichuruzika mafuta mpaka binti wa nyumba akaangua kicheko. Walifunga ndoa tarehe 14 Septemba 1974. Mama yetu anasema alichoka kufua yale mashati kabla fungate haijaisha.

Tarehe 19 Desemba 1998 wa juu wa makuli aliugua, nikapanda mimi, mwanawe wa pili, ninayewasomea haya kutoka kwenye kiti cha magurudumu. Umati ulipopiga kelele, Baba aliinua uso. Tukaporomoka wote. Mimi niliangukia mgongo.

Mengi yalisemwa, na baadhi ya waliosema wako hapa, wamekaa vizuri kabisa. Eti Kisiki alikuwa amelewa. Hakuwa amelewa. Alinibeba kutoka kitandani hadi bafuni miaka nenda rudi, na hakunitazama usoni hata siku moja. Mlingoti haukutajwa tena nyumbani kwetu. Nilidhani amechoshwa na mzigo, kumbe yeye aliamini moyoni kwamba bado namlaumu. Tuliishi hivyo, nyumba moja, na iliuma kuliko mgongo.

Juni 2021 mapafu yake, yaliyovuta vumbi la unga tangu ujana, yalianza kugoma. Alilazwa wodi ya wanaume, kisha akarudishwa nyumbani, maana madaktari hawakuwa na la zaidi. Jumapili moja, nikiwa kando ya kitanda chake, alisema huku akitazama shuka:

"Siku ile ulikishika?"

"Nini, Baba?"

"Kitambaa. Niliangalia juu, mafuta yakaniingia machoni. Sikuona kitu."

"Sasa uliangalia ya nini?"

"Si ulikuwa wewe? Wale wengine walikuwa watoto wa watu."

Nikamwambia nilikishika. Nikamwambia pia kwamba miaka ya mwanzo nilimchukia kweli, kisha ikaisha, sikumbuki lini. Mama, aliyekuwa akisikia yote, akaleta kitambaa. Alikitoa mkononi mwangu kule hospitalini siku ile nilipoanguka, akakifua, akakificha kisimuumize mtu. Baba alikipapasa, akainua uso, akanitazama.

"Kumbe umefanana na mama yako," akasema.

Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 10 Agosti 2021.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada yake mkubwa, na makuli wenzake waliobaki, ambao leo wamebeba jeneza lake mabegani wakitazama miguu yao.

Baba, umelazwa uso juu, na kitambaa kiko mkononi mwako. Tazama sasa, tazama utakavyo. Hakuna atakayeanguka. Pumzika.