Selipher Aliyetibiwa kwa Jina la Eucabeth

Wasikilizaji wapendwa, kama una sufuria motoni, epua kwanza. Leo tunamkumbuka Selipher Akoth wa Migori, aliyefariki Jeddah mwaka 2016, akiwa na miaka ishirini na tisa. Nitaisimulia habari hii polepole, maana inanichoma.

Kwao Selipher, zahanati ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu. Akiwa mdogo alidungwa penisilini, akafura uso, akakosa pumzi. Alipona kwa bahati tu. Mama yake, Mama Damaris, anasema: "Daktari aliniambia huyu asiwahi kudungwa hiyo dawa tena. Nikamkaririsha jina la dawa hiyo hata kabla hajajua kusoma."

Shikeni hapo, wasikilizaji. Selipher hakupaswa kudungwa penisilini.

Mwaka 2014 alikwenda Saudi Arabia, akawa mfanyakazi wa nyumbani mtaa wa Al-Rawdah, Jeddah. Akiumwa, madam, bosi wake, alimpa tembe mbili na kumwambia yalla, haya, kazi. Alivumilia mwaka mmoja na nusu, kisha akatoroka. Kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, akabaki na pasipoti. Bila ikama halali, kile kibali cha kuishi kule, hakuna hospitali ya kukupokea. Akahamia Al-Hindawiyah, chumba kimoja na rafiki yake Eucabeth, aliyekuwa na ikama na bima.

Sasa, wanawake wetu kule wana mtindo wao. Mmoja akiwa na ikama nzuri, inatibu chumba kizima. Unajifunika uso, unakariri jina la mwenzako na tarehe yake ya kuzaliwa, unaenda kliniki. Wengi wamepona hivyo, na mtu asiniambie ni wahalifu.

Machi 2016, Selipher alishikwa na kifua kibaya. Akaenda kliniki kama Eucabeth. Eucabeth mwenyewe alimsindikiza, akijifanya dada tu. Msikilizeni:

"Nesi alileta penisilini. Selipher akasema, 'Hii mafi,' yaani hapana, 'hii itaniua.' Nesi akaangalia kompyuta: 'Lakini Eucabeth, mwezi jana ulidungwa hii hii na ukawa sawa.' Ni kweli, nilidungwa mimi. Selipher akaniangalia. Mimi nilidhani anaogopa sindano tu. Nikamnong'oneza, 'Nyamaza, watatushika.' Akanyamaza. Akalala, akadungwa."

Haikufika nusu saa. Selipher alikata roho, na kliniki ikaandika kwamba Eucabeth amefariki.

Eucabeth angeweza kutoka pale kimya kimya. Hakutoka. Alirudi kwenye dirisha la mapokezi akawaambia, "Aliyekufa anaitwa Selipher. Eucabeth ni mimi." Akafungiwa wiki sita, akafukuzwa nchini. Lakini Selipher alizikwa Migori kwa jina lake mwenyewe.

Mama Damaris, pole sana. Eucabeth, pole nawe; umebeba mzigo usiokuwa wako.

Wasikilizaji, tafakarini jambo moja. Eucabeth alipofika Migori alipiga magoti mbele ya Mama Damaris, akaungama kwamba yeye ndiye aliyesema nyamaza. Mama akamwinua. Akamwambia: "Mwanangu, mliogopa. Mimi nataka kujua ni nani aliwafanya wagonjwa waogope hospitali."

Wewe mwenye kugonga mihuri ya kuwasafirisha mabinti zetu, redio unayo hapo ofisini. Mama ameuliza.