Mbuzi wa Kuyamaliza

Mwenyekiti kaniambia nianze na Tumsifu Yesu Kristo, halafu niongee kwa upole. Salamu nitaitoa mwishoni. Upole mliumaliza wenyewe mwaka jana, kwa hiyo wazazi wa timu hii nivumilieni, au tokeni, mlango uko wazi. Na muuache wazi hivyohivyo.

Mnanijua. Mimi ndiye nauzaga samaki hapa Kitaji, sato na furu kutoka kwetu Bukima. Hakuna kati yenu ambaye hajala samaki wangu. Binti yangu alikuwa beki wa kulia wa timu ya wasichana, ana miaka kumi na tatu. Kaniruhusu niseme. Bila ruhusa yake msingesikia neno.

Kocha mlikuwaga mnamwita Baba. Baba kasema, Baba kaamua! Na mimi nilimwita hivyohivyo, sikatai.

Kabla ya mechi ya Bunda binti aliumia goti. Kocha akasema atamchua kwa dawa chumbani kwake, ndivyo alikuwaga anafanya kwa kila aliyeumia. Muda si muda binti akarudi nyumbani anakimbia, kiatu kimoja mguuni. Goti bovu, na anakimbia! Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Mama, kuchua si ni goti? Sasa mlango anafungaga wa nini?"

Mungu mkubwa, komeo lilikuwa bovu, akachomoka. Ndugu zangu, nawaambia, sikungoja jibu la pili. Nilikuja kwenu. Ukumbi huuhuu, viti hivihivi. Mkasemaje?

Wewe mama wa pale nyuma, usiinamishe kichwa, jina lako silitaji. Ulisema nina wivu kwa sababu binti yangu hakupewa unahodha. Mwingine akasema, "Tukimsumbua Baba tutakosa kombe." Mwingine akacheka, eti kuchua ni kuchua tu. Kesho yake samaki wangu walikaa kwenye beseni mpaka jioni. Mlipita mbele ya meza yangu mkaenda kununua samaki wa jana kwa mwenzangu. Shuleni watoto wenu wakamwita binti yangu mkosi wa timu. Akavitupa viatu vya mpira chooni.

Nikafunga biashara. Nikawa nashinda kitandani, sili, sijibu hodi. Niliwachukia, na sitawadanganya hapa kwamba imekwisha. Bado namwomba Mungu anisaidie kwa hilo.

Halafu wazee wakaja na mbuzi. Beberu mweupe, mnene. Mila zetu mnazijua: mbuzi akichinjwa, pande zote zikala, neno limekufa, na anayelifufua ndiye mbaya. Wakasema, "Mama, tule, yaishe. Baba amekubali amekosea kidogo."

Kidogo!

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. Hakuniangalia mimi, alimwangalia yule mbuzi. Nikajua anangoja kuona kama nitawasha moto.

Nikaishika kamba. Nikawaambia wazee asanteni, nimempokea. Nikatoka na binti huku, mbuzi huku, tukashika barabara kubwa kwa miguu. Vijana wa bodaboda wakapiga honi, "Mama, beberu bei gani?" Tukawapita. Tulienda moja kwa moja polisi, dawati la jinsia na watoto. Askari mmoja mwanamke akauliza mbuzi ni wa nini. Nikamwambia, "Afande, huyu ni kidhibiti." Akacheka. Binti akaanza kusema, na yule askari akaacha kucheka, akachukua kalamu.

Tukiwa bado pale akaingia mama mmoja anahema. Kwao ni Butiama. Binti yake aliwahi kuchezea timu hii, akaacha ghafla, mkasema anaringa. Alituona barabarani akatufuata. Alimwangalia yule mbuzi, machozi yakamtoka, akasema, "Wa kwetu tulimla."

Hapo ndipo nilipoinuka, ndugu zangu. Maneno yakawa ya watoto wawili, na kocha akakosa pa kujificha. Sasa amefungwa, na nyinyi mnaniita shujaa. Meza nimeifungua tena, mnanunua samaki hata bei hamshushi. Nunueni, ni biashara. Ila makofi yenu kaeni nayo.

Namshukuru askari yule. Namshukuru mama wa Butiama, maana kusema kwake kulimgharimu ndoa, mimi kulinigharimu samaki tu. Namshukuru kocha mpya, huyu dada, anayechua magoti pembeni ya uwanja, mchana kweupe, mzazi mwingine akiwa amesimama hapohapo. Na namshukuru mwanangu aliyesema mbele ya hakimu bila kunishika mkono.

Mnataka funzo? Mtoto akikuambia jambo, usikimbilie kwanza kumuuliza mkubwa kama ni kweli. Mlango ukifungwa na mtoto yuko ndani, ufungue, hata kama ni wa mtu mnayemwita Baba. Na mkiletewa mbuzi, kabla hamjanoa kisu mwangalieni mtoto usoni.

Binti yangu yuko nje pale, ndiyo maana sikutaka mlango ufungwe. Amekuja na viatu vipya mkononi. Hajavivaa. Aliniambia, "Mama, nitasikiliza kwanza wanaitikiaje."

Haya. Tumsifu Yesu Kristo.