Mapovu ya Barnaba

Kijiwe cha kahawa cha Mama Faidha kipo pembeni mwa stendi ya Masasi, pale magari ya Newala yanaposubiri abiria. Benchi lake lina wenyewe wawili: Khalidi fundi matairi, aitwaye Pampu, na Lameck, dereva mstaafu, aitwaye Katiba kwa kuwa kila ubishi ana kifungu chake. Alasiri hiyo walimpata mgeni, Barnaba, kijana anayejifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa kule Mikindani ili aje kuongoza watalii. Asubuhi alikuwa chini ya bahari. Alipoibuka akakuta ujumbe: mkewe, Rose, amejifungua Newala, mtoto wao wa kwanza. Hakungoja hata nywele zikauke. Sasa gari lilikaribia kujaa, naye hakai wala hasimami.

— Kaa, baba, utamwaga kahawa, alisema Mama Faidha.

— Kiwiko kinaniuma, Mama. Kimeanza basi lilipopita Ndanda likawa linapanda.

— Umekilalia, alisema Pampu.

— Sikulala. Mwalimu wangu, Cyril, alinikataza kupanda mlima kabla ya kesho. Anasema ukizamia, hewa ya mtungi inaingia kwenye damu na kunyamaza, kama gesi ndani ya soda. Ukienda juu upesi umefungua kizibo. Mapovu yanakaa kwenye viungo, na yakikosea njia yanafika kichwani.

Katiba akacheka.

— Newala nayo mlima? Kule watu wanapanda na baiskeli!

— Hao hawakutoka chini ya bahari, mzee wangu.

— Hewa ndiyo kazi yangu, alisema Pampu. Tairi likizidi upepo, unapunguza. Piga mbweu tu, kijana.

— Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Katiba. Huyu kainama mpaka chini ya bahari. Sasa ainuke, apande gari!

— Tena afungwe mpira begani, mapovu yasivuke, alidakia Pampu. Alale miguu juu, yatokee kwenye nyayo. Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo aondoke sasa hivi, kabla hayajazaana!

Barnaba alicheka nao. Kilichomtisha ni kwamba alitamani kuwaamini. Alikuwa ameshamwona mtoto moyoni, kafungwa kwenye kanga, na kila akikunja mkono, kiwiko kilimjibu.

Kondakta akaita. Barnaba akaweka mguu mlangoni. Mama mmoja, Sijaona, aliyekuwa anapanda na furushi lake la vitenge, alikuwa amesikia yote. Akawageukia wa benchini.

— Samahani, kaka zangu. Akizidiwa katikati ya mlima, nani kati yenu atakuwa naye?

Pampu akatazama mikono yake yenye grisi. Mama Faidha akaanza kukusanya vikombe.

Barnaba akateremsha mguu. Akapiga simu.

— Rose, leo siji.

— Mama ameshachinja kuku, mwenzangu. Watu wanauliza baba wa mtoto yuko wapi.

— Waambie narudi chini kwanza.

— Unaumwa?

Alitaka kusema hapana.

— Ndiyo. Ni mapovu ya bahari, mlima utayazidisha.

— Basi shuka. Huku tunashangilia uzazi, usituletee msiba.

Gari la Newala likaondoka. Barnaba akapanda la kushuka Ndanda, kwenye hospitali ya misheni, akaeleza kila kitu bila kuficha. Mganga akampigia Cyril, wakaongea kirefu, kisha Barnaba akalazwa na kufunikwa pua na mdomo kwa barakoa ya oksijeni. Muuguzi akamwonya asiivue hata kidogo. Jioni kiwiko kilianza kulegea. Mganga akasema atamlaza mpaka aridhike naye, na Newala ataiona siku nyingine.

Simu ikaita. Muuguzi akaipokea, akamwekea sikioni.

— Msikie mwenyewe, alisema Rose.

Mtoto alikuwa analia kwa nguvu zake zote. Barnaba hakuweza kumwita, mdomo ulikuwa umefunikwa. Akaanza kugonga simu kwa ukucha, taratibu, akagonga na kugonga, mpaka kilio cha upande wa pili kikatulia kusikiliza.