Za Mbele Ibaki Moja: Bwana Ishaka Boga Anatuaga

Tarehe 30 Juni 1998, baada ya miaka ishirini na sita katika Zahanati ya Mwangaza wa Mama hapa Likoni, Bwana Ishaka Boga anakabidhi funguo za stoo na kwenda kupumzika. Wasifu wake nilikuwa nimeshauandika, umepigwa chapa na umekaa vizuri. Jumanne iliyopita niliuchana. Sababu nitaieleza, lakini msomaji ajue mapema kwamba anayeandika haya, Sista Nyambura, msimamizi wa wauguzi, bado hajarudiwa na akili zake sawasawa.

Bwana Ishaka, mwenyeji wa Mtongwe, aliajiriwa mwaka 1972 kama mlinzi. Haikuchukua muda wakubwa wakagundua kuwa mlinzi wao hawezi kuona kitu kibovu akakipita: kitanda kinacholia, mlango usiofunga, pampu inayokohoa. Akahamishiwa stoo, akakabidhiwa na baiskeli za wauguzi, na huko ndiko alikozeekea. Mwaka 1986 friji ya chanjo ilipozima, alifunga sanduku la chanjo kwenye karia ya baiskeli, akavuka feri nalo mpaka hospitali ya kisiwani, na walipomkaribisha akae alikaa nalo mapajani. Ni mtu wa salamu ndefu na maneno machache. Ningeongeza kwamba ni mtu asiyejua hila, na kwenye ule wasifu wa kwanza niliongeza hivyo. Sasa nimefuta.

Mwaka 1993 wafadhili wetu wa ng'ambo walituletea baiskeli nane za milimani. Hapa Likoni mlima wetu ni ule mteremko wa kushukia feri, basi. Hata hivyo tulipokea kwa furaha, na zile nyeusi za zamani zikapelekwa kwingine. Hizi mpya zilikuwa nyekundu, matairi manene, na gia tatu za mbele, yaani yale maduara matatu ya meno pale kwenye pedali, kubwa, la kati na dogo. Yote matatu yalikuwa wazi. Zile nyeusi zilikuwa na kava ya kufunika cheni. Hizi hazikuwa nayo, na kwa upana wa yale maduara matatu hakuna kava ambayo ingeingia.

Wauguzi wetu huvaa buibui. Wiki ya tatu, muuguzi Mwanasaumu akiwa njia ya Timbwani, lile duara kubwa lilimeza pindo la buibui lake, likalivuta, likampiga chini na kulichana mpaka juu ya goti mbele ya watu waliokuwa wakinunua samaki. Mkono uliteguka, lakini aibu ndiyo iliyomlaza. Mumewe alikuja ofisini kwa adabu zote, akatuambia mke wake hapandi tena chombo kinachovua watu nguo. Kufikia mwisho wa mwezi hakuna aliyepanda.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wazazi waliojifungulia nyumbani Mtongwe na Shika Adabu hawakuwa na wa kuwatembelea. Mtoto mmoja, wa mama anayeitwa Dhahabu, aliletwa kwetu midomo imekauka, homa ya siku kadhaa ambayo muuguzi angeiona siku ya kwanza. Alipona kwa tundu la sindano. Bwana Ishaka akaenda kwa mkubwa wetu wa wakati huo, Bwana Aidarus, akaomba ruhusa ang'oe gia mbili za mbele kila baiskeli, aache moja, aweke kava. Akaambiwa mali ya wafadhili haiguswi, na wafadhili wenyewe wanakuja kuitazama.

Siku moja kabla ya ugeni, baiskeli zote nane zilikuwa zimepangwa mbele ya baraza, watu hawana pa kupita. Nikapita mbio, nikamwambia Mzee Ishaka zile za mbele ibaki moja tu, nyingine azitoe. Akaitika naam, Sista.

Asubuhi nilipofika nusura nianguke. Baiskeli zilikuwa pale pale barazani, zote nane, na kila moja imebaki na gia moja ya mbele. Alikuwa ameacha ile ya kati, kwa kuwa kubwa ingeua magoti kwenye mchanga na ndogo ingezungusha miguu bure. Bolti zilizobaki ndefu alizijazia vibati vya washa, cheni akazipunguza, na juu yake akafunga kava alizozikata kwenye madebe ya mafuta na kuzipaka rangi nyeusi. Gia zilizotolewa zilikuwa ndani ya karai, zimeoshwa na kupakwa grisi. Bwana Aidarus alishika kichwa. Wageni wakauliza gia zimekwenda wapi, na yeye akataka kumfukuza kazi mtu papo hapo, mbele yao.

Mimi nikasimama. Nikasema kosa ni langu, nimetoka Murang'a, Kiswahili changu ni cha bara. Nilitaka baiskeli za mbele, mzee akasikia gia za mbele, akadhani ruhusa imetoka. Wageni walinuna kidogo, kisha mmoja akacheka, na mambo yakaishia hapo. Jumatatu iliyofuata wauguzi walipanda, Mwanasaumu akiwa wa kwanza, na hakuna buibui lililoliwa hadi leo.

Lakini mimi nililiwa. Miaka mitano kila nikitoa agizo naulizwa, "Ya mbele gani, Sista?" Niliomba radhi mkutanoni, nikaomba tena kwa kila mwajiriwa mpya, na nikamwendea Mwanamkasi wa jikoni anifundishe Kiswahili upya mpaka nikienda nyumbani ndugu zangu wananishangaa.

Basi Jumanne nilimpelekea Bwana Ishaka wasifu stoo nimsomee. Nilipofika pale ninapoomba radhi kwa mara nyingine, akaweka chini tambara la mikono, akainama.

"Sista," akasema, "Kiswahili chako siku ile kilikuwa sawasawa. Mimi ndiye niliyetaka kiwe kibovu."

Nilikaa kitako juu ya gunia. Akaeleza: angeng'oa kwa hiari yake angefukuzwa, na fundi mwingine angezirudisha gia jioni ile ile. Makosa ya ulimi wa mtu hakuna anayeyaadhibu. Kava, wallahi, alikuwa ameshazikata mwezi mzima kabla. Na kweli, nani katika sisi alijiuliza ile rangi ilikauka saa ngapi? Hata hivyo alikuwa tayari kufukuzwa. Asichokitarajia ni mimi kusimama, na nilipokwisha kusimama, kusema kweli kungenifanya mimi mwongo na kuwashusha wauguzi tena. Akanyamaza miaka mitano, na alisema ilimlemea.

Nilikasirika, nasema wazi. Kisha nikamkumbuka mtoto wa Dhahabu, ambaye sasa anaimba katika darasa la chekechea hapo nyuma ya ukuta wetu, na hasira ikakosa pa kukaa.

Bwana Ishaka, zahanati nzima inakushukuru. Mungu akujalie afya wewe na mkeo Bi. Mwanarehema, na siku za kupumzika ziwe nyingi kuliko za kazi. Mimi nina neno moja tu, na safari hii naomba ulisikie kama nilivyolisema: asante.