Ukuta wa Bibi Gunvor: Risala ya Wapangaji wa Rönngatan 14

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Ragnhild Thorell, mwenyekiti wa bodi ya nyumba za manispaa yetu ya Granvik, fundi wetu Alvar Sjödin, majirani wote, na wewe Bibi Gunvor Hedin, uliyekaa mstari wa mbele na ambaye tulikukatalia kata kata kuisoma risala hii kabla ya leo:

Makaribisho

Sisi wapangaji wa nyumba ishirini na nne za jengo hili tunakukaribisha uani kwetu kwa furaha kubwa. Utatusamehe kwa viti vilivyochanganyika. Hatujazoea kukaa pamoja. Sisi ni watu ambao kabla ya kutoka tunachungulia kwanza kwenye tundu la mlango, tuhakikishe ngazini hakuna mtu, ndipo tufungue. Ukituona leo tumebanana hivi kwenye theluji, bega kwa bega, ujue kuna jambo limetutoa ndani.

Utepe utakaoukata umeshonwa na Bibi Gunvor. Tafadhali kata taratibu.

Tulikotoka

Mheshimiwa, jengo letu lina miaka hamsini na minne. Kwa muda mrefu lilipashwa joto na tanuri la mafuta lililokuwa chini ya ardhi, likinguruma na kunuka hadi nguo zetu zikawa zinajulikana mjini. Kisha bodi yako ikaleta mashine ya kuchimba. Ikatoboa visima saba hapa uani, kila kimoja mita mia mbili na kumi, ndani ya mwamba mtupu. Mzee Osvald Brännlund wa ghorofa ya tatu, ambaye alifanya kazi mgodini miaka thelathini, alishuka kila siku kwenda kushika maji yanayopanda kutoka huko chini. Alirudi akatuambia ni ya baridi kiasi cha kuuma vidole. Tukamuuliza, sasa joto litatoka wapi? Akasema tusimsumbue, hata yeye hajui.

Joto likatoka. Fundi Alvar ametueleza mara nne jinsi mtambo unavyokamua joto kutoka kwenye maji ya baridi, na mara zote nne tumeitikia kwa vichwa. Ukweli, Mheshimiwa, bado tunashangaa. Tunatembea juu ya mwamba huu tangu utotoni, tumeteleza juu yake, tumeutukana, kumbe ulikuwa umekaa na joto letu muda wote.

Mafanikio

Pamoja na visima ililetwa kompyuta ya kuongoza joto, na kijisanduku cheupe cha kupima kikabandikwa kwenye korido ya kila nyumba. Kompyuta hiyo tunaiita Mjomba. Mjomba anajua baridi ya kesho kabla hatujaiona. Novemba ile ya kwanza, siku moja jua linawaka, vipasha joto vikaanza kuchemka saa nane mchana. Tukanung'unika, huyu kachanganyikiwa. Jua lilipozama upepo wa kaskazini ukashuka, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, na sisi tumekaa ndani na soksi tu. Tangu siku hiyo hakuna aliyebishana naye.

Majira hayo ya kwanza jengo letu lilitumia chini ya nusu ya nishati ya zamani, na moshi ukawa hakuna kabisa. Kibao cha tuzo ya kubana nishati ulichotuletea leo ni cha majira hayo, na ni halali yetu. Majira ya pili, haya tunayoyamaliza, yana mambo yake. Tumekubaliana tuyaseme mbele yako sisi wenyewe, na fundi Alvar asibaki amebeba siri ya watu.

Tulichokifanya

Mheshimiwa, Mjomba hamsikilizi mtu mmoja mmoja. Anachukua vipimo vya nyumba zote, anatafuta wastani, na wastani ukifika nyuzi ishirini na moja anaridhika. Wengi wetu tuna ishirini na mbili. Bibi Gunvor, ambaye anakaa chini kabisa, mwisho wa jengo upande wa kaskazini, ana kumi na saba. Jikoni kwake, siku za upepo, ana kumi na sita.

Hakuwahi kulalamika. Ila yeye ndiye anayetupunguzia suruali na kutushonea mapazia, kwa hiyo kila mmoja wetu kwa wakati wake amewahi kuingia jikoni mle na kumkuta cherehani iko mbele, naye amevaa glavu zilizokatwa ncha za vidole. Ukimuuliza, jibu ni lile lile: "Mimi sina baridi. Ni vidole tu."

Mwezi wa Januari Mjomba akaanza kula umeme kama hana akili nzuri. Jengo likawa la moto, watu wanafungua madirisha theluji inaingia. Februari fundi Alvar akaja na kamera yake ya kuona joto. Ilikuwa saa sita mchana, baridi nyuzi kumi na tisa, akatuita nje tutazame kwenye kioo chake. Tukaliona jengo letu kwa mara ya kwanza. Lote lilikuwa rangi ya bluu, limetulia, joto limekaa ndani kama inavyotakiwa. Ukuta mmoja tu, ule wa mwisho, ulikuwa unawaka mwekundu toka chini hadi juu, na palipokuwa pekundu zaidi ni jikoni kwa Bibi Gunvor. Joto lake lilikuwa linamwagikia barabarani. Mzee Osvald alivua kofia. Wengine wetu machozi yalitutoka, tukasingizia upepo.

Alvar akasema ukuta ule ulisahaulika kuvishwa kinga ya kuzuia joto lisitoke tangu jengo lilipojengwa, lakini ukuta haujaanza Januari. Kuna kitu kingine. Akapita nyumba kwa nyumba kuangalia vijisanduku. Halafu akatukusanya chumba cha kufulia, akapanga juu ya mashine vile vilivyochezewa. Kimoja alikikuta kando ya dirisha lililoachwa wazi kidogo. Kimoja kimefungwa kitambaa kibichi. Kimoja kimekaliwa na mfuko wa matunda ya lingon yaliyogandishwa. Kimoja kilikuwa ndani ya friji.

"Hiki cha friji Mjomba alikipuuza," Alvar akasema. "Alijua hakuna binadamu anayeishi nyuzi tano. Hivi kumi vingine ndivyo vilivyomdanganya."

Mzee Osvald akasema mfuko wa lingon ni wake. Alitaka Mjomba adhani jengo lina baridi, asukume joto, angalau kidogo limfikie yule mama wa chini. Alifikiri yuko peke yake. Bi Anneli Strand, ambaye hajamsemesha Osvald tangu mwaka 2011 kwa ajili ya zamu ya kufulia, akamtazama.

"Kumbe na wewe?" akamuuliza.

"Na mimi nini?"

"Kitambaa kibichi ni changu."

Mikono ikaanza kunyanyuka, mmoja, wa tatu, wa saba. Watu kumi na mmoja, Mheshimiwa. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja alijifungia kwake, akafanya udanganyifu wake kimya kimya, akachemka kwenye joto ambalo hakulihitaji. Tumeona maajabu ya mwamba na ya Mjomba, lakini siku ile, kati ya vikapu vya nguo chafu, ndiyo tulishikwa na butwaa kweli kweli. Tumeishi miaka yote hii tukichunguliana kwenye matundu ya milango, na hatukujuana.

Bibi Gunvor alipopata habari akasema, "Kumbe ndiyo maana nilishona Februari bila glavu." Akaingia ndani.

Changamoto

Vijisanduku tumevirudisha mahali pake, vyote. Tulikosea, tuliunguza umeme ambao ulimwengu unauhitaji, na tunaomba radhi. Mjomba ametulia. Glavu za Bibi Gunvor nazo zimerudi.

Fundi Alvar aliandika ripoti, akashauri ukuta uvishwe. Jibu la bodi lililokuja wiki tatu zilizopita halikuwa la ukuta. Ni barua kwa Bibi Gunvor kwamba ifikapo tarehe mosi Juni ahamie nyumba nyingine ng'ambo ya mji, kwa kuwa yake inaharibu hesabu za jengo zima, na mahali pake pafanywe stoo ya baiskeli. Nadhani baiskeli hazisikii baridi. Hilo la mwisho si la risala, Mheshimiwa, ni la msomaji, limenitoka.

Mama huyu ana miaka themanini na nne. Amekaa hapa hamsini na moja. Tayari ameanza kufunga maboksi, maana hataki kuwa mzigo kwa mtu. Tulipomsihi aache, alituambia jengo limembeba vya kutosha. Tunakanusha mbele yako na mbele yake. Yeye ndiye aliyetubeba.

Maombi

Tunaomba jambo moja: ukuta uvishwe kabla ya baridi ijayo, na Bibi Gunvor abaki ndani ya nyumba yake.

Kila Mei tuna siku ya kufanya usafi wa uani. Mwaka huu tutafagia haraka haraka, halafu siku tatu zinazofuata mikono yetu ni ya mafundi wako. Osvald na Anneli wameshajiandikisha zamu moja. Na kibao hiki kizuri, ambacho kilipangwa kupigiliwa kwenye ukuta ule ule, tunaomba ukihifadhi ofisini kwako. Tutakuja kukichukua siku ukuta utakapokuwa bluu.

Hitimisho

Mheshimiwa, baada ya utepe kuna kahawa na mikate ya mdalasini. Tumeiandaa jikoni kwa Bibi Gunvor. Viatu utaviacha mlangoni kama ilivyo kwetu sote, na koti utalitundika pale pale. Kiti cha upande wa ukutani ndicho chako, yeye mwenyewe amekichagua kwa kuwa ndicho kizuri kuliko vyote alivyonavyo. Hatutakusemesha neno. Utakunywa kikombe chako polepole, na ukikimaliza tutakuomba jibu.

Mungu akulinde njiani, ailinde na nyumba yako iwe na joto pande zote nne.

Ni sisi wapangaji wa Rönngatan 14, Granvik, nyumba ishirini na nne, hakuna hata moja pungufu.

Imesomwa kwa niaba yao na Ulrika Nygård, ghorofa ya pili, mwenye kile cha kwenye friji.