Hujaniona, Wala Wewe

Benchi la mbele ya baa ya Nives, pale Montelupaia, kijiji cha mlimani, linatazamana na kituo cha polisi uso kwa uso, na tangu Alhamisi lilikuwa limegeuka mahakama. Wenyewe walikuwa watatu. Settimio aliitwa Kanali kwa sababu aliwahi kuwapikia wanajeshi maharage. Learco alikuwa tarishi wa posta, ila siku moja alishinda kesi ya kuku wa jirani, na tangu hapo akawa Wakili na hasemi bila kuinua kidole. Oreste alihasi nguruwe wa tarafa nzima mpaka mikono ikaanza kumtetemeka. Huyo ndiye Daktari. Wote walikuwa wachimba tartufo, ule uyoga wa chini ya ardhi unaonuswa na mbwa na kuliwa na matajiri, na wote walikuwa na uraibu wa vitabu vya upelelezi, vile vya jalada la njano, vilivyojaa kwenye rafu ya baa chini ya chupa za grapa. Nives aliwapa kahawa na kuwasikiliza, na wiki ile moyo wake ulichemka kuliko mashine yake ya kahawa.

Alikuwa na sababu. Alhamisi alfajiri mtu alitupa kababu zenye sumu kwenye bonde la Fratta, mbwa wawili wakafa, na mmoja alikuwa Stella, mbwa wa marehemu mumewe, mbwa ambaye Nives alikuwa amemwazimisha shemeji yake. Kabla ya adhuhuri Marishali, mkuu wa kituo, alikuwa ameshamkamata Besnik, mkata kuni Mwalbania anayepanga chumba cha juu ya baa. Kosa lake? Alikuwa msituni saa hizo na lafudhi yake si ya hapa. Besnik alisema alikuwa Rocca Bruna, upande wa pili wa mlima, basi. Asipopatikana wa kumtolea ushahidi, Jumatatu anashtakiwa, na kibali chake cha kuishi nchini kinakwenda na maji. Nives alimlilia Stella mpaka macho yakavimba, lakini hata dakika moja hakuamini kwamba Besnik ndiye.

Jumamosi asubuhi wazee walikuwa hapo tena. Jana yake Marishali alikuwa amevuka uwanja akawaambia wazee waache upelelezi, wanywe kahawa yao. Ndiyo kwanza amewasha moto.

— Atunyamazishe sisi? Kanali aligonga kikombe. Kwa sheria ipi? Benchi hili lilikuwepo kabla ya kile kituo!

— Na litakuwepo kikishabomoka, Wakili akadakia, kidole juu. Bwana wee, kwenye vitabu nani anafumbua kesi? Serikali? Thubutu! Ni padri, ni muuza dawa, ni mzee mstaafu anayecheza karata. Serikali inakamata maskini wa kwanza ukurasa wa ishirini, halafu inakwenda zake kula.

— Kabisa, akasema Daktari. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Inaingia tu. Endelea.

— Mimi nawajua waliofanya, Kanali akasema, akishusha sauti mpaka ikasikika uwanja mzima. Madalali wa tartufo wa kule bondeni. Mbwa wakipungua, tartufo inapungua, bei inapanda. Hesabu ya darasa la pili hiyo.

— Dalali aamke alfajiri? Daktari akacheka. Wewe umewahi kumwona dalali kabla ya saa nne? Hapana. Mtazameni Don Celso.

— Padri!

— Padri ndiyo. Jumapili mbwa wanambwekea akihubiri. Stella ndiye alikuwa kiongozi wao, nyote mnajua. Na kababu Don Celso anazipenda kuliko komunyo.

— Usimtaje Stella kwa kucheka, Nives akasema kutoka mlangoni.

Daktari akavua kofia, akaivaa tena.

— Samahani, Bi Nives. Marehemu hasemwi vibaya.

— Nyote mko chekechea, Wakili akasema. Nawauliza: nani anafaidika mbwa *wote* wakiisha duniani? Waswisi! Wametengeneza mashine ya kunusa. Nimesoma. Ina pua ya chuma, inatembea yenyewe. Sasa nani atanunua mashine wakati mbwa anakula makombo tu? Ndiyo maana wanaanza na Fratta. Mficha uchi hazai!

— Unajua maana yake hiyo methali? Daktari akauliza.

— Mswisi ndiye anaijua, ndiyo maana anaficha.

Kanali alikubali kuhusu Waswisi, ila akaongeza kwamba mashine hiyo lazima ililetwa kwa ndege, na ndege aliisikia kwa masikio yake Alhamisi alfajiri, ikipita chini chini kwenye ukungu.

— Uliisikia ukiwa wapi? Nives akauliza.

— Kitandani. Nilikuwa na mafua.

— Hata mimi, Wakili akasema upesi.

— Mafua mabaya yale, akamalizia Daktari.

Nives aliyajua mafua hayo. Alhamisi alfajiri Montelupaia nzima iliumwa mafua, maana kila msimu wa tartufo ndivyo inavyoumwa. Mahali pa kuchimba hapatajwi. Mke haambiwi, mtoto wa kiume hunong'onezwa pale baba anapokata roho, na wapo waliokata roho wakiwa wamefumba mdomo. Wachimbaji wawili wakikutana msituni kwenye giza, mmoja husema "hujaniona," mwenzake hujibu "wala wewe," na imekwisha. Mumewe Nives aliishika adabu hiyo maisha yake yote. Yeye Nives aliichukia, na wiki hii aliichukia zaidi, kwa sababu Marishali alipopita nyumba hadi nyumba kuuliza nani alikuwa msituni, alikutana na wagonjwa watupu.

— Kanuni ya kwanza ya mpelelezi, Wakili alikuwa akisema, ni kuuliza kila mtu alikuwa wapi. Tuanze na Don Celso.

Basi la mjini likasimama. Akashuka Mirjeta, mke wa Besnik, mkoba begani. Wiki nzima hulala mjini anakomuuguza bibi mmoja kikongwe, na miaka yote ile benchini hakuwahi hata kuegemea. Leo alikuja moja kwa moja, akasimama mbele yao.

— Habari za asubuhi, wazee wangu.

— Nzuri, binti, nzuri. Pole sana, mama. Kaa, kaa. Kanali alisogea. Usiogope, kesi iko mikononi mwetu. Tumeshafika Uswisi.

— Sikai, mzee, ahsante. Natoka kumwona mume wangu. Mirjeta alizungumza polepole, macho makavu. Asubuhi ile wachimbaji watatu walimpita Rocca Bruna akikata kuni, kila mmoja na mbwa wake, kila mmoja kwa wakati wake. Anawajua kwa majina. Hataki kuwataja.

— Kwa nini hataki? Nives akauliza, akitoka nje na kitambaa mkononi.

— Walimwambia "hujaniona." Akawajibu "wala wewe." Nimemlilia, nimemgombeza. Anasema mtu akikaa kwenye mlima wa watu ashike neno la mlima. Basi mimi sikuja kuuliza majina, wazee wangu. Swali langu ni dogo. Alhamisi alfajiri, nyinyi mlikuwa wapi?

Kanali alitazama ndani ya kikombe. Kidole cha Wakili kilibaki hewani kikiwa hakina pa kwenda. Daktari alifungua mdomo atoe methali, na kwa mara ya kwanza tangu Nives amjue, haikuja hata moja.

Nives aliona haya. Aliona haya kwa ajili yao na kwa ajili ya mumewe aliye kaburini, na ile haya ikageuka hasira. Mgeni ameshika neno la mlima mpaka amefungwa. Wenye mlima wamekaa hapa wanawasaka Waswisi. Aliingia ndani akazima mashine ya kahawa. Ikatoa pumzi ndefu, ikanyamaza.

— Bi Nives! Kanali akaruka. Ndiyo kwanza saa tatu!

— Kahawa imekwisha.

— Imekwishaje na gunia naliona?

— Imekwisha kwa watu wenye mafua. Mtakunywa siku mtakapopona. Leo, kesho, mpaka Pasaka, mimi sijali, nitakula mkate mkavu. Mmesoma vitabu vyangu vyote vya njano, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kujiuliza yeye mwenyewe alikuwa wapi. Mficha uchi hazai, Learco! Maana yake ndiyo hii hapa, imesimama mbele yako na mkoba begani!

Mirjeta hakuondoka. Kanali akavuta pumzi, akajikuna shingo, akasema kwa sauti ambayo safari hii kweli ilikuwa ndogo:

— Nilikuwa Rocca Bruna. Nyuma ya kuni za Besnik. Pale kwenye mwaloni uliopigwa na radi.

— Mwaloni *wangu*? Wakili aliruka kama kaunguzwa. Mwizi mkubwa wewe! Nilifika pale alfajiri ile nikakuta udongo umechimbwa, nikasema ni nguruwe mwitu!

— Wako tangu lini? Daktari akanguruma, ameshasimama. Baba yangu alinionyesha mwaloni ule mimi sijaota ndevu! Nimewafuatia nyuma, kumbe nakula makombo yenu!

Halafu wote watatu wakasikia walichokisema.

Nives alivua aproni, akaitundika kwenye kitasa cha mlango.

— Haya, twendeni. Kelele hizo hizo mkampigie Marishali, na majina yenu. Aliyemuua Stella bado anatembea, na sasa itabidi huyo Marishali amtafute kweli.

Walivuka uwanja wakigombania mwaloni hatua kwa hatua, Mirjeta mbele, Nives nyuma asije akatoroka mtu. Kwenye ngazi za kituo Daktari alisita, akamshika Kanali mkono wa koti.

— Settimio, fikiri. Tukiyasema haya humo ndani, kesho kijiji kizima kitakuwa chini ya mwaloni ule na majembe.

— Na waje, akasema Kanali, akaupiga mlango wa kituo kwa ngumi.